Jicho la Bi Vifungo na Simu Iliyogeuka Nyeusi

Nyumba ya Bi Vifungo huamshwa na cherehani. Jogoo wa jirani naye hujaribu, lakini hakuna anayemsikiliza.

Cherehani imekaa chini ya dirisha la mbele, penye mwanga. Bi Vifungo hukaa nyuma yake, futi ya kupimia shingoni, chaki sikioni kama seremala. Anashona sare za shule. Jina la Vifungo alipewa na wateja. Kifungo alichokishona yeye hakitoki. Shati litachakaa, kola itatoboka, mtoto atakua na kuoa, kifungo kipo palepale.

Mumewe ni Mzee Breki. Alikuwa dereva wa lori. Alikanyaga breki hata akiona jani linavuka barabara. Sasa amestaafu. Kazi yake ni kutia mafuta cherehani, kunywa chai, na kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

Wa tatu ni mkwe wao, mke wa mtoto wao wa pekee. Mtoto mwenyewe anafanya kazi mbali. Mkwe hukata vitambaa mezani na kupiga pasi.

Wa nne ni simu. Hiyo hukaa pembeni mwa cherehani, karibu na pini. Kutwa nzima inaimba redio. Jioni chaji inakaribia kwisha, kama kila mtu mwingine ndani ya nyumba.

Miezi michache iliyopita Bi Vifungo alipasuliwa jicho la kulia. Lilikuwa na mtoto wa jicho, yaani ukungu uliofunika mboni. Jicho la kushoto nalo lina ukungu, ila zamu yake bado. Kwa hilo haoni kitu cha maana. Kwa hiyo alitegemea jicho moja kushona, kutembea, na kumtambua anayeingia mlangoni.

Siku ya kurudi nyumbani, nesi wa kliniki ya macho alimkalisha chini.

"Mama, kila siku funika jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia tazama kitu kilekile, mahali palepale, penye mwanga mzuri. Kalenda ya ukutani inatosha. Ukiona pazia jeusi linaingia, au vimulimuli kama radi, au vidoa vingi vyeusi vinaelea ghafla, usingoje kesho. Njoo saa hiyohiyo."

"Nimesikia, mwanangu."

Alisikia. Tatizo lilikuwa kalenda. Ile ya nyumbani ilikuwa ya mwaka ambao hata Mzee Breki alikuwa na nywele. Kazi ya kalenda hiyo ilikuwa kuziba tundu la ukuta. Bi Vifungo aliona si heshima kulipima jicho jipya kwa kalenda kuukuu. Akachagua simu.

Kila jioni, akimaliza kazi, alifunika jicho la kushoto kwa kiganja. Alifungua ujumbe mrefu wa mwanawe, ule wa kumpa pole. Ukurasa mweupe, maandishi meusi, makubwa. Aliusoma mpaka mwisho. Kisha alisema, "Lipo," kama mtu aliyehesabu kuku wake.

Jioni moja alifunika jicho, akafungua ujumbe. Ukurasa ulikuwa mweusi.

Simu haikuwa imezimika. Maneno ya mwanawe yalikuwepo, ila yamegeuka meupe, kama mifupa. Nyuma yake giza tupu.

Alifumba jicho, akafumbua. Giza. Alipangusa kioo kwa upindo wa gauni. Giza. Maneno ya nesi yakamrudia: pazia jeusi.

Aligeuka kutazama ukuta. Jua lilikuwa limezama na taa haijawashwa. Ukuta nao ukaonekana mweusi. Usimcheke. Nani angekumbuka taa saa hiyo?

"Mama watoto, chai inapoa!" Mzee Breki aliita kutoka nyuma.

"Nakuja," alijibu. Sauti ilimtoka nyembamba kama uzi.

Asubuhi aliichukua simu kwenye chaji. Alifunika jicho la kushoto, akafungua ujumbe. Ukurasa mweupe! Akakaa kitandani, akashusha pumzi.

Lakini jioni ukawa mweusi tena. Na jioni iliyofuata pia.

"Basi linachoka," alijiambia. "Linaamka zima, nalichosha kwa kushona. Siku moja litachoka lisiamke."

Kwa nini hakumwambia mtu? Kwa sababu ya marehemu mama yake. Mama yake alipofuka angali na nguvu zake. Watu waliingia nyumbani, wakaulizana juu ya kichwa chake, "Ameshakula?" Naye alikuwa amekaa hapohapo, na masikio yake mazima. Bi Vifungo aliona kwamba akilisema jambo hili, litakuwa kweli. Akinyamaza, huenda likapotea njia.

Kwa hiyo alinyamaza. Akaanza kukwepa cherehani.

"Mkanda umelegea," alimwambia mumewe.

Mzee Breki aliinama, akazungusha gurudumu, akasikiliza kama daktari. "Mkanda huu hauna neno. Lori langu lingekuwa na mkanda kama huu, mpaka leo ningekuwa barabarani."

"Ukikanyaga breki."

"Nikikanyaga breki, na mzima!"

Shule zilikaribia kufunguliwa. Sare zilirundikana mezani, mikono upande huu, kola upande ule. Mkwe alishona za kwake na za mama mkwe mpaka mgongo ukamuuma. Wateja walikuja, wakatazama rundo, wakamtazama Bi Vifungo. Yeye aliwatazama miguu.

Kuna jambo jingine alilifanya akidhani hakuna anayemwona. Alifumba macho, akatembea ukumbini kwa kupapasa ukuta. Hapa mlango wa jikoni. Hapa ndoo. Hapa kizingiti kinachokwaza watu. Alikuwa akiisoma nyumba yake kwa vidole, kabla ya siku kufika.

Mkwe alimkuta.

"Mama, unatafuta nini ukutani?"

"Naangalia rangi."

"Umefumba macho, Mama."

"Rangi yenyewe mbaya. Sitaki kuiona."

Mkwe alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Tangu siku hiyo akawa anamchunga.

Muuza mayai naye aliona. Alikuwa akipita kila wiki na trei zake, na hakuna uso uliompita bila kuusoma.

"Wewe jicho linakusumbua," alimwambia Bi Vifungo mlangoni, kwa sauti ya chini. "Shika hii. Ni matone ya shemeji yangu. Yalibaki."

"Yeye yalimsaidia?"

"Ah, yeye alihama."

Chupa ilikuwa ndogo, karatasi yake imefutika. Haikujulikana ni dawa gani, wala ilifunguliwa lini. Lakini mtu aliyekata tamaa hata chupa isiyo na jina huiona rafiki.

Jioni hiyo ukurasa ulikuwa mweusi kama kawaida. Bi Vifungo alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Aliinua uso juu. Akashika chupa juu ya jicho la kulia, lile jicho moja.

"Mama!"

Mkwe alikuwa mlangoni, na pasi mkononi. Akaiweka pasi chini, akaishika ile chupa pamoja na mkono ulioishika.

"Hii ni dawa ya nani?"

"Ya jicho."

"Jicho la nani?"

Bi Vifungo alitaka kujibu kwa mzaha. Mzaha haukuja. Yakaja machozi.

"Naona giza, mwanangu. Kila jioni. Pazia limeshuka. Nakuwa kama mama yangu."

Mkwe akaketi kando yake. "Unaliona wapi hilo giza?"

"Humo kwenye simu. Nafungua ujumbe wa mumeo, naukuta mweusi. Asubuhi mweupe, jioni mweusi."

Mkwe aliichukua simu, akaitazama. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Mama. Hata mimi naona mweusi."

Bi Vifungo akamkamata mabega. "Mungu wangu! Nimekuambukiza!"

"Baba!" mkwe aliita. "Baba, njoo mara moja!"

Mzee Breki alikuja na kikombe chake. "Hebu tazama hapa," mkwe alimwambia. "Ukurasa una rangi gani?"

"Mweusi," alisema mzee. "Kwani nini?"

"Sote watatu!" Bi Vifungo akalia. "Tutashikana mikono twende kliniki, na wa kutangulia hayupo!"

Hapo mkwe akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mama, si jicho hilo. Simu ndiyo imegeuka! Macho sita hayawezi kuwa na ugonjwa mmoja jioni moja."

Bi Vifungo alitazama simu, akamtazama mkwe wake. Alitaka kufurahi. Lakini hofu haikutoka nyumbani. Ilihama tu, ikatoka jichoni ikaingia kwenye simu.

"Kama si jicho langu," aliuliza polepole, "nani anaigeuza?"



Mkwe alifungua Mipangilio, akaingia sehemu ya skrini. Aliona maneno "Mandhari meusi", na swichi yake imewashwa. Akabonyeza ili kuizima. Swichi haikusogea. Ilikuwa imefifia, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Akabonyeza tena. Akabonyeza kwa kidole kingine, maana binadamu ndivyo tulivyo. Wapi!

Akaizima simu nzima, akaiwasha. Ilirudi na weusi wake.

"Inakataa," alisema. "Naiamuru, inakataa."

"Kuna mtu humo ndani," alisema Mzee Breki. Aliweka kikombe chini. "Pale kwa kinyozi walisema. Wezi wanaingia kwenye simu ya mtu, wanaitumia wakiwa mbali. Wanakuona kwa kamera."

Bi Vifungo alinyakua kipande cha kitambaa cha sare, akaifunika simu. "Na mimi nabadilisha gauni mbele yake kila siku!"

"Basi huyo mwizi naye leo hana raha," alisema mumewe.

Simu ilikaa kimya juu ya kitanda, chini ya kitambaa. Bi Vifungo alikuwa akinong'ona sasa, asisikiwe.

"Atasoma barua za mtoto wangu. Atampigia, ajifanye ni mimi."

"Dawa ni moja," alinong'ona mzee. "Kufuta kila kitu. Nimeona mahali pameandikwa hivyo. Lori likigoma, unalizima, unaanza upya."

"Na picha, Baba? Na ujumbe wa mume wangu?"

"Viende! Bora mwizi akute nyumba tupu."

Mkwe alivuta simu kutoka chini ya kitambaa. Alitafuta mpaka akapata mahali penyewe. Simu ikamuuliza kama ana uhakika. Kidole chake kilisimama hewani. Bi Vifungo alifumba macho. Ujumbe wa mwanawe alikuwa anaujua kwa moyo, lakini kuujua si sawa na kuwa nao.

"Hodi! Wenyewe mpo?"

Alikuwa jirani yao, Dada wa Studio. Ana studio ya picha mtaa wa pili. Anapiga picha za vitambulisho na kukuza picha za harusi. Alikuja kuulizia sare ya mwanawe. Aliwakuta wote watatu chumbani, wameizunguka simu, nyuso zimewasawijika.

"Jamani, nani kafa?"

"Bado," alisema Mzee Breki.

Wakamweleza, wote kwa pamoja. Dada wa Studio aliinua mkono. "Mmoja mmoja! Mkwe, kwanza toa kidole hapo. Rudi nyuma. Ukifuta hapo hurudishi."

Mkwe akarudi nyuma haraka, kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Haya. Mandhari ni nini?" aliuliza Dada wa Studio. "Ninyi mafundi nguo ndio mngeniambia. Mandhari ni nguo ya simu. Ina nguo nyeupe na nguo nyeusi. Mwili ni uleule. Ujumbe na picha havijaguswa."

"Sasa mbona haivuliki?" aliuliza Bi Vifungo.

"Hilo ndilo la kutafuta. Simu ikibadilika, mimi sianzi kubonyeza ovyo. Nauliza kwanza: kabla ya tatizo kuanza, nani alibadilisha nini?"

Mkwe akatikisa kichwa. Bi Vifungo akatikisa kichwa. Mzee Breki akatazama dari.

"Baba?" mkwe akaita.

"Mimi sikuigusa." Akakohoa. "Niliigusa kidogo."

"Uligusa nini?"

"Kiokoa Betri. Niliona jina, nikalipenda. Mke wangu anaimbisha redio kutwa, jioni simu hoi. Nikasema nimsaidie. Dereva mzuri anabana mafuta. Nikaiambia, chaji ikishuka, jiwashe yenyewe."

Bi Vifungo alimgeukia polepole sana. "Na hukuniambia?"

"Nilitaka uone mwenyewe inavyodumu. Ufurahi."

"Nimeona," alisema Bi Vifungo. "Nimefurahi mpaka nimekonda."

Dada wa Studio alifungua tena ile sehemu ya mandhari, akampa mkwe. "Hapo chini ya swichi pana maandishi madogo. Yasome."

Mkwe alisoma, kidole kikifuata neno kwa neno. "'Imewashwa na Kiokoa Betri.'" Akainua uso. "Yalikuwa hapa muda wote! Mimi nilikuwa nabonyeza tu."

"Kila mtu anabonyeza tu. Sikilizeni. Chaji ikishuka jioni, Kiokoa Betri kinaamka. Kwenye simu nyingi, rangi nyeusi inakula chaji kidogo. Basi kinaivalisha simu nguo nyeusi, halafu kinaishikilia swichi ili usiivue. Usiku mnaiweka kwenye chaji. Asubuhi imeshiba, inavaa nyeupe."

"Kwa hiyo hakuna mtu ndani?" aliuliza Bi Vifungo.

"Yupo mmoja tu, mume wako. Hebu leteni waya."

Waya wa chaji ulikuwa umefungwa uzi mweusi pale ulipokatika. Mkwe aliuchomeka. Simu ikatoa mlio. Pale pale, mbele ya macho yao, ukurasa ukawa mweupe.

Bi Vifungo alifunika jicho la kushoto. Aliusoma ujumbe wa mwanawe kwa sauti, tangu salamu mpaka mwisho. Hakusema "Lipo." Aliketi sakafuni, akausoma tena.

Mkwe ndiye aliyekuwa na swali. "Dada, na kama Kiokoa Betri kimezimwa, lakini mandhari bado hayabadiliki?"

"Tazama kama kuna ratiba. Mtu anaweza kuiambia simu ivae nyeusi jua likizama na nyeupe likichomoza. Ukiikuta ratiba, iondoe."

"Na kama ni programu moja tu ndiyo nyeusi, nyingine zote nyeupe?"

"Basi hiyo programu ina nguo zake. Ingia kwenye mipangilio yake yenyewe, utafute mandhari humo. Na ukiona hata picha za watu zimegeuka, nyuso za buluu, nywele nyeupe, hayo si mandhari. Kuna mahali wamewasha ugeuzaji wa rangi. Upo sehemu ya ufikivu, pale penye vitu vya kuwasaidia wenye shida ya macho au masikio. Zima hapo."

"Yote nikiyajaribu?"

"Zima simu, uiwashe, kama ulivyofanya. Ikikataa, tazama kama kuna sasisho, yaani toleo jipya la mfumo wa simu, ulipakue. Ikikataa tena, nenda kwa fundi unayemjua. Ukae naye. Usimwachie mtu nywila yako ukaenda sokoni. Na kufuta kila kitu," alimtazama Mzee Breki, "si kuanza upya. Ni kuchoma nyumba kwa sababu taa haiwaki."

"Nimesikia," alisema mzee, akiwa mpole kuliko kawaida.

Bi Vifungo alikuwa ameanza kuchekacheka peke yake. "Basi nimepona! Kesho nashona."

"Aa, shoga, subiri," alisema Dada wa Studio. "Simu nimekujibu. Jicho sijakujibu. Mimi nachapa picha, sipimi macho. Umekaa na hofu siku zote hizo, na ulikuwa unataka kutia matone yasiyo na jina. Kesho asubuhi nenda kliniki."

Uso wa Bi Vifungo ukabadilika. Kumbe ile hofu ilikuwa haijafika mbali. Ilikuwa imekaa kizingitini ikisubiri kuitwa.

Kesho yake alikwenda, mkwe akimshika mkono. Nesi alimkalisha mbele ya mashine, akamwambia aweke kidevu. Mwanga ukaingia jichoni. Nesi alitazama muda mrefu.

"Jicho lako zima," nesi akasema hatimaye.

"Rudia."

"Zima, Mama. Safi. Endelea kushona."

Kisha akaomba ile chupa. Aliigeuza, akainusa, akaitupa kwenye pipa. "Dawa ya macho ni ya mtu mmoja, kwa ugonjwa mmoja. Ikishafunguliwa, haikai. Ungetia hii, leo tungekuwa tunaongea mengine." Akavuta kiti. "Lakini kosa kubwa si hilo. Ulidhani umeona pazia, ukakaa nalo nyumbani. Lingekuwa la kweli, ungeniletea jicho lililokwisha."

"Niliogopa jibu."

"Jibu halingojei mpaka uache kuogopa. Na ukitaka kujua kama giza ni la simu au la jicho, acha simu. Washa taa, tazama ukutani. Giza la simu linabaki kwenye simu. La jicho linakufuata kila unapotazama."

Waliporudi, walinunua kalenda mpya, yenye tarakimu kubwa. Mzee Breki aliipigilia mbele ya kiti chake mwenyewe, kama adhabu. Kiokoa Betri alikiacha, ila safari hii kwa ruhusa. Cherehani ikaanza kuamsha nyumba tena. Sare ziliisha kabla ya shule kufunguliwa. Muuza mayai akauza mayai tu.

Hadithi ingeishia hapo, na sote tungelala vizuri. Haikuishia hapo.

Mchana mmoja, jua likiwaka, Mzee Breki alikuwa kwenye kiti chake akichezea simu ya mkewe. Bi Vifungo alikuwa anapiga matundu ya vifungo.

"Simu yako imeanza tena," mzee alisema.

"Chaji si imejaa?"

"Imejaa. Lakini kona hii ya chini nyeusi."

Bi Vifungo aliinama upande wake, akaitazama. Ukurasa ulikuwa mweupe wote, kona zote nne. Mguu wake ukaacha kukanyaga. Cherehani ikanyamaza.

"Weka simu chini," alisema. "Tazama kalenda."

"Kwani nina mtihani?"

"Tazama kalenda, mume wangu. Funika jicho la kulia."

Mzee alifunika. "Naiona yote."

"Funika la kushoto."

Alifunika. Akainamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayechungulia nyuma ya nguzo.

"Tarehe za chini hazipo," alisema. "Labda jasho."

"Tangu lini?"

"Juzi nilikuwa naona vimulimuli. Nikasema ni uzee. Nitapumzika kidogo, jioni tutaona…"

"Hatutaona jioni."

Bi Vifungo hakuchukua hata pochi. Aliliacha shati limening'inia kwenye sindano. Alimwita mkwe kwa sauti ambayo mkwe hakuwahi kuisikia, wakamtoa mzee nje mpaka barabarani wakiwa wamemshika huku na huku. Mzee alilalamika njia nzima kwamba viatu havifanani. Kweli havikufanana.

Kliniki ilikuwa na foleni. Bi Vifungo hakupanga foleni. "Pazia," alimwambia nesi mlangoni. "Ukutani, si kwenye simu. Na vimulimuli." Nesi aliacha chai yake, akamchukua mzee.

Mlango ukafungwa. Bi Vifungo alikaa kwenye benchi. Hofu ya jicho lake mwenyewe aliijua. Hii ya jicho la mwenzake ilikuwa kubwa zaidi, maana hakuwa na la kufumba wala kufumbua. Alisokota upindo wa gauni lake mpaka uzi ukatoka. Mkwe alimshika mikono yote miwili.

Daktari alitoka na kusimama mbele yao. "Utando wa nyuma ya jicho umechanika ukingoni, umeanza kubanduka," alisema. "Bado haujafika katikati. Tunamtibu leo. Mngengoja, ungebanduka wote."

Walimtibu siku hiyohiyo. Wiki zikapita, za kulala upande mmoja, za kutoinama, za kutonyanyua ndoo. Kila asubuhi Bi Vifungo alimtia matone aliyopewa na kliniki, yenye jina la mzee. Kila asubuhi aliogopa kumuuliza, na kila asubuhi alimuuliza.

Siku ya kupimwa, nesi alimfunika mzee jicho la kushoto. Bi Vifungo alisimama mbele yake, kwa kuwa hakuweza kukaa.

"Haya, Baba. Unaona nini?"

"Mke wangu," alisema Mzee Breki. "Ananitazama kama nimevunja kitu."

"Unamwona wote?"

"Wote. Viatu, gauni, mikono kiunoni." Akakaza jicho. Bi Vifungo aliacha kupumua. "Na kwenye bega la kulia kuna pini. Ameivaa tangu nyumbani, na hakuna hata mmoja wenu aliyemwambia."

Bi Vifungo alipapasa bega. Pini ilikuwepo.